Farasi Sitini kwa Muhogo wa Buyenzi

Mambo yote yaliyonipata mwaka ule yaliletwa na farasi, na mimi farasi sijawahi kumshika hata mkia. Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nimekulia Buyenzi, na mnyama mkubwa ninayemjua kwa sura ni kiboko, anayetoka ziwani jioni na kula majani ya watu kando ya barabara bila kuomba ruhusa. Farasi nilimwona mara moja tu, kwenye kalenda ya duka la vitambaa, na hata hapo kichwa chake kilikuwa kimefunikwa na mwezi wa Machi.

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mchana nasaga muhogo kwenye mashine ya mjomba wangu, saa kumi na mbili niko darasani na daftari. Tulikuwa watu arobaini kwenye chumba kile, lakini ukiniambia tulikuwa mia mbili sitabisha, kwa jinsi madawati yalivyokuwa yakilia. Siku ya kwanza mwalimu alimwinua kijana mmoja kwenye kiti cha mbele ili mimi nikae. Aliona kichwa cheupe, akadhani ni mvi. Ilikuwa unga.

Wiki ile ya farasi tulifika kwenye somo la uvumbuzi uliogeuza dunia. Mashine ya kusokota nyuzi niliielewa, kwa sababu majirani zangu wote ni mafundi wa kushona na uzi najua unatoka wapi. Treni niliielewa nusu. Nchi yetu haina reli hata ya kuchezea, basi mwalimu alipochora magari mengi yanayofuatana yakivutwa na moja, niliona lori bovu likikokota wenzake. Lakini mashine ya mvuke ilinishinda kabisa. Mwalimu alichora pipa, moto chini, maji ndani, bomba, gurudumu, kisha pembeni akaandika kwa Kifaransa: *cheval-vapeur*. Akatafsiri mwenyewe: farasi wa mvuke.

Mimi nikatazama pipa, nikatazama moto, nikatazama lile neno, na nikaelewa kwamba Wazungu walikuwa wanachemsha farasi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo farasi anaingia kwa mlango gani?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hakuna farasi. Farasi ni kipimo."

"Kipimo cha farasi?"

"Cha nguvu."

"Nguvu za nani?"

"Za farasi."

"Basi farasi yupo."

"Hayupo!" Chaki ikakatika. "Alikuwepo zamani. Wenye mashimo ya makaa ya mawe walitumia farasi kuvuta maji kutoka chini ya ardhi. Akaja mtu wa Uskochi na mashine yake ya mvuke, anataka kuiuza. Wao wakauliza: hii mashine itachukua nafasi ya farasi wangu wangapi? Akapima. Ndiyo hivyo. Andikeni: farasi mmoja wa mvuke ni nguvu ya kuinua kilo sabini na tano, mita moja juu, kwa sekunde moja."

Niliandika kila neno, na ningeweza kulikariri nikiwa nimelala. Kuelewa ni jambo lingine. Kwa nini farasi? Kwa nini si kiboko? Mtu angesema mashine ina nguvu za viboko wawili, Bujumbura nzima ingeondoka barabarani.

Kesho yake, kwenye somo la Kifaransa, tulijifunza kuandika karatasi ya kueleza maisha ya mtu anayeomba kazi: masomo yake, kazi zake, mambo anayoyaweza. Inaitwa CV. Hiyo niliishika papo hapo. Ilinihusu mimi.

Sasa, mwezi haukuisha, moteri ya mjomba ikafa.

Moteri ndiyo injini yenyewe, ya mazutu, yaani dizeli, inayozungusha mashine kwa mkanda. Ilikuwa ya zamani kuliko mimi. Asubuhi ya Jumanne ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi ambao naamini walikohoa nao mpaka mtaa wa Kinanira, ikanyamaza. Fundi akaja, akafungua, akatazama ndani, akafunga, akavua kofia. Tukaelewa.

Mjomba hana pensheni. Hana mtoto aliye nje wa kumtumia chochote. Ana mashine, na kupitia mashine ana mtaa mzima: akina mama wanaleta mihogo mikavu, wanakaa kwenye benchi lake, wanamwamkia, wanamtania, wanaondoka na unga wa ubugari, ugali wetu wa muhogo. Siku iliyofuata kifo cha moteri, benchi lilibaki na mama mmoja tu, mteja wetu wa tangu zamani, anayepika ubugari kwenye mkahawa wake karibu na soko. Wengine walishavuka mto Ntahangwa kwa mwenye mashine wa ng'ambo.

"Mi nakungoja mpaka Ijumaa, mzee," alimwambia mjomba. "Baada ya Ijumaa wateja wangu watakula sahani tupu. Na mutu akizoea ng'ambo, kumurudisha ni kazi."

Mjomba aliniita ndani. "Mupwa wangu, uwezo nilionao ni wa moteri moja. Ya pili haipo, labda peponi. Ikiwa ndogo, itakabwa na muhogo. Ikiwa kubwa, itararua mashine, unajua hii mashine imeungwa mara tisa. Na dukani wakishauza hawarudishi. Mi sikusoma. We ndiye umesoma. Uchague."

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa: moteri moja, chaguo moja, na mchaguzi ni mimi. Kibati cha ile ya zamani, chenye maandishi yake, kilidondoka enzi ambazo hata mjomba hazikumbuki vizuri. Hakuna aliyejua ilikuwa na nguvu gani. Ilisaga, basi.

Nikaandika ujumbe kwa simu kwenda kwa mzee mmoja mwenye duka la moteri na pampu, kule mtaa wa Asiatique. Nilimweleza: sisi ni watu wa mashine ya muhogo, tunahitaji moteri haraka. Jibu likaja fupi: *Leta CV.*

Nikamsomea mjomba.

"CV ni kitu gani?"

"Ni karatasi ya maisha yangu."

"Ju ya nini mwenye duka anataka maisha yako?"

Nikafikiri. Katika mji huu hata mlinzi wa geti anaombwa CV. "Nadhani hawampi moteri mutu yeyote tu. Wanataka kujua nani ataiendesha."

Mjomba akatikisa kichwa polepole kwa heshima. "Zamani waliuliza we ni mutoto wa nani. Sawa. Andika vizuri, mupwa. Usituaibishe."

Kosa lake lilikuwa hilo neno "vizuri". Nilikaa mchana mzima. Mwalimu wa Kifaransa alitufundisha kwamba kwenye CV mtu hajifichi, basi mimi sikujificha hata kidogo. Niliandika kwamba mimi ni mkuu wa idara ya usagaji. Niliandika kwamba nazungumza lugha sita, na ya sita ilikuwa Kichina, kwa sababu kuna mhandisi mmoja wa barabara aliwahi kunisalimia nami nikamjibu. Niliandika kwamba chini ya usimamizi wangu mashine yetu inasaga magunia ishirini kwa saa. Ukweli nitausema baadaye, kila jambo na wakati wake.

Alhamisi asubuhi nilivaa shati la harusi, nikaiweka CV ndani ya bahasha ya kaki, nikaenda Asiatique.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye miwani minene, tasbihi mkono mmoja, spana mkono mwingine. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akaifungua, akasoma ukurasa wa kwanza wote, wa pili wote, akarudi wa kwanza. Akavua miwani.

"Kijana wangu, we unatafuta kazi?"

"Apana, mzee. Natafuta moteri."

"Na hii?"

"CV. Mulisema nilete."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi msikitini. "Nilisema CV. Farasi!"

"Farasi?"

"Farasi ngapi?"

"Sisi hatuna farasi, mzee. Mjomba alikuwa na kondoo, lakini tulimchinja sikukuu."

Vijana wawili waliokuwa wanapanga pampu nyuma walikaa chini kwa kicheko. Mzee mwenyewe mabega yalimtikisika, lakini kwa adabu alishika meza. Akanivuta mpaka kwenye moteri mojawapo, akaweka kidole kwenye kibati: tarakimu, kisha herufi mbili. *CV*. "*Cheval-vapeur*," akasema. "Moteri hii iko na farasi wangapi, ndiyo nauliza."

Wallahi, nilisikia pipa la mwalimu linachemka ndani ya kichwa changu. Farasi yule yule! Kumbe alinifuata kutoka ubaoni mpaka Asiatique, akabadilisha jina njiani, akajiita jina la karatasi yangu. Nikamuuliza mzee imekuwaje herufi hizohizo ziwe maisha ya mtu na nguvu za moteri. Akasema hajui, labda Wafaransa walikuwa na haraka.

"Basi ile ya zamani ilikuwa na ngapi?"

"Hatujui. Kibati kilidondoka."

"Ilisaga kiasi gani?"

Na kabla sijajibu, akavaa miwani tena na kurudi kwenye karatasi yangu. "Aa, umeandika hapa. Magunia ishirini kwa saa." Akapiga mluzi. "Basi hii si bure kabisa. Kwa muhogo mkavu mi nahesabu farasi watatu kwa kila gunia la saa. Ishirini mara tatu..." Akaenda mpaka mwisho wa duka, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na moteri ya ukubwa wa choo cha nje. "Farasi sitini. Nilimwekea mutu wa boti akabadilisha mawazo. Kesho asubuhi naileta na lori. Lakini mi sirudishi, unajua, mkuu wa idara?"

Hapo nilipaswa kufungua mdomo. Mdomo ulikuwepo. Lakini vijana wa pampu walikuwa wananitazama, na mzee ndiyo kwanza ameniita "mkuu wa idara" bila kucheka, na mimi nikasema: "Sawa, mzee. Kesho."

Nilitembea kwa miguu kurudi Buyenzi. Sikuwa nimekubali wala sikuwa nimekataa. Nilikuwa natembea tu. Pengine, nilijiambia, farasi wa moteri ni wadogo. Pengine sitini si wengi. Nani amewapima?

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi lake na yule mama wa mkahawa. Mbele ya mashine, wapagazi wanne wa mtaa walikuwa wamelala juu ya magunia matupu, hawana kazi tangu Jumanne.

"Umechagua?"

"Nimechagua. Farasi sitini."

"Sitini!" Mjomba alifurahi kwa sekunde moja, kisha akashuku. "Farasi mmoja ni kiasi gani?"

Nilitoa daftari. Hili nililijua. "Ni nguvu ya kuinua kilo sabini na tano, mita moja juu, kwa sekunde moja."

Yule mama akamtazama mjomba kutoka kofia mpaka kandambili. "Mzee si ndiyo kilo hizo?"

Tulikuwa na mizani, na watu wenye mizani hawabishani bure. Mjomba alipanda: sabini na tatu. Akateremka, akachukua kilo mbili za muhogo, akapanda tena amezipakata. Sabini na tano kamili. Nikachora mstari wa chaki ukutani, mita moja kutoka chini. Mjomba akakaa kwenye kiti cha plastiki na muhogo wake mapajani, wapagazi wawili wakashika miguu ya kiti.

"Sekunde moja ni kama kusema 'Bismillah'," nikawaambia. "Mkimaliza kusema awe kwenye mstari."

Walisema Bismillah tatu. Mjomba alifika juu akiwa amepinda kama mtumbwi.

"Farasi anawashinda!" mama akawapigia kelele. "Na mnakula ubugari wangu kila siku!"

Wakaingia wanne. Safari hii, Bismillah moja, kiti kikaruka, mjomba akapita mstari, muhogo ukaenda mbele yake, na kofia sijui iliishia wapi. Waliposhusha, alikuwa ameshika vichwa vya watu wawili.

"Basi," akasema alipopata pumzi. "Huyo ni mmoja?"

"Huyo ni mmoja."

"Na we umenunua sitini wa hivyo."

Akatazama mashine yake yenye kuungwa mara tisa. Sote tukaitazama. Ilionekana nyembamba kama bati la kuokea maandazi. Farasi mmoja tu alitaka kumtupa mjomba ukutani. Sitini wangeipeleka mashine ile mpaka mtaa wa Kigobe bila barabara.

"Kwa nini waliwapima farasi?" yule mama akauliza ghafla. "Mama yangu alitwanga muhogo kwa kinu miaka yote. Mbona mutu hakuja kuuliza: hii moteri itachukua nafasi ya wanawake wangapi?"

Nikapekua daftari: farasi tu.

Lakini mjomba alikuwa ananitazama mimi. "Mupwa. Hiyo sitini imetoka wapi?"

"Kwenye CV."

"CV ya moteri?"

"Ya kwangu."

"Lete. Usome kwa Kiswahili."

Kulikuwa na nakala mfukoni. Nimewahi kufanya mitihani mingi, ya mdomo na ya kuandika, lakini mtihani uliofanyika kwenye benchi lile haukuwa na mfano. Nilisoma mstari kwa mstari, na baraza lilikuwa watu sita, ukiniuliza mimi walikuwa elfu.

"'Mkuu wa idara ya usagaji.'"

"Idara iko na watu wangapi?" mpagazi mmoja akauliza.

"Mimi."

"'Anazungumza Kichina.'"

"Sema!" wakapiga kelele wote.

Nikasema lile neno moja. Wakasubiri la pili. Halikuja.

"'Magunia ishirini kwa saa.'"

Hapo hakuna aliyecheka. Mjomba akaokota vipande vya muhogo vilivyotawanyika, kimoja kimoja, akiviweka kwenye paja.

"Manne," akasema. "Siku muhogo ukikauka vizuri, manne. Miaka yote hiyo moteri ilisaga manne na mi nikala, nikaoa, nikazika. Ilikuwa inatosha. We ishirini ulitaka ya nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mwalimu alisema tusijifiche. Nilitaka kumwambia kwamba "manne" iliposimama peke yake kwenye karatasi ilionekana ndogo, na mimi nikaonekana mdogo pembeni yake. Nikasema tu: "Nisamehe, mjomba."

"Mi nimekusamehe. Nenda uifute kwa mwenye duka."

Ijumaa, kabla duka halijafunguliwa, nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee alipofika na funguo nilimpa ile CV, sasa ina wino mwekundu kila mahali. Aliisoma barazani, mlango bado umefungwa. Kichina kimekatwa. Idara imekatwa. Lugha zimebaki tatu na nusu. Magunia: manne.

"Manne?"

"Manne, mzee. Siku nzuri."

Akahesabu tasbihi au farasi, sijui. "Manne mara tatu, kumi na mbili. Nilikuwa nasema moyoni, mashine gani Buyenzi inasaga ishirini? Lakini ulikuwa na shati zuri." Akafungua mlango, akapita lile turubai bila kuligusa, akasimama kwenye moteri ya kijani ya ukubwa wa mbuzi. Kibati chake kiling'aa: *12 CV*. "Mungu akipenda, mtasaga kabla ya sala ya Ijumaa."

Alitaka kunirudishia karatasi. Kisha akaikunja na kuiweka kwenye droo ya risiti. Alisema katika miaka yake yote hakuna mteja aliyewahi kumletea CV iliyokamilika kiasi hicho.

Lori lilifika saa nne. Fundi akafunga moteri, mimi nikavuta mkanda, mjomba akasimama mlangoni amegeuza uso, hataki kuona. Yule mama alikuwa ameshawasili na beseni lake na gunia lake, na nyuma yake wanawake watatu waliosikia kwamba kuna jambo. Moteri ikanguruma. Mkanda ukashika. Mashine ikatetemeka pale ilipoungwa mara ya tisa, ikatulia, na unga ukaanza kutoka.

Mjomba aligeuka. Aliweka kiganja chini ya unga, akausugua kwa vidole, akapaka kidogo kwenye nywele zangu, juu ya mvi zangu za darasani.

Kisha akavuta saa yake. "Hesabu saa nzima. Uandike ukutani, kwa chaki, pale ulipochora mstari wangu. Na uandike kile kitakachotoka."

Nikahesabu saa nzima. Magunia manne yalitoka, na baada ya hapo, kabla mshale haujatimiza saa, lilitoka na beseni la yule mama, limejaa. Nikashika chaki. Mkono ulitaka kuandika tano. Naujua mkono wangu. Mjomba alikuwa nyuma yangu, na mama nyuma ya mjomba.

Nikaandika: *Manne na beseni.* Na beseni lilikuwepo kweli. Njooni muone, maandishi bado yapo.